Muziki bila hesabu ni mali bila daftari

Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na kwa kuingia huko wakajikuta wamegawanywa katika mikondo mitatu: ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ule wa sayansi za jamii, na ule wa sanaa na michezo. Swali ambalo zamani lilimngoja mtoto hadi amalize Kidato cha Nne, yaani atasomea nini katika chuo kikuu, sasa linamkabili akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Na katika nyumba nyingi swali hilo limefupishwa hata likawa la kikatili: hisabati au muziki? Kichwa au kiuno?

Nalizungumzia jambo hili nikiwa Pap Onditi, penye ofisi za serikali za Nyakach katika Kaunti ya Kisumu, na nina sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, hapa muziki hautafutwi. Huja wenyewe pamoja na matanga, harusi, harambee na mikutano ya siasa. Na kijana asiyeweza kutofautisha mdundo wa ohangla na ule wa benga ataulizwa alilelewa wapi. Pili, hapa elimu ya chuo kikuu si pambo. Ni ng'ombe aliyeuzwa, ni shamba lililokodishwa, ni mama aliyeamka alfajiri kwenda kununua samaki ufuoni ili auze sokoni. Mzazi aliyelipa gharama ya namna hiyo ana haki ya kuuliza atapata nini.

Mzee mmoja aliniuliza swali hilo waziwazi sokoni. "Mwalimu," akasema, "mtoto wa ndugu yangu ana alama nzuri za hesabu, lakini anataka kwenda kusomea muziki. Mwambie aache. Nani amewahi kula muziki?" Nikamjibu, "Jaduong', hata hisabati hailiwi." Alicheka, lakini hakuridhika, wala sikutarajia aridhike kwa mzaha. Makala haya ni jibu alilostahili.

Maoni yangu ni kwamba mzee huyo, pamoja na kijana wake, pamoja na vyuo vikuu vyetu, wamenaswa katika mtego mmoja. Wote wanaamini kwamba elimu hizi mbili ni mahasimu. Vyuo vinafundisha hisabati ya juu kana kwamba haina makao popote duniani, na vinafundisha muziki kana kwamba mwanamuziki hatawahi kuhesabu kitu. Matokeo yake ni kwamba tunatoa aina mbili za mahafali walio nusu: mmoja anajua kuthibitisha kanuni lakini hajui aipeleke wapi, na mwingine ana wimbo unaochezwa nchi nzima lakini hajui mapato yake yamekwenda wapi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Muziki wa eneo hili la ziwa ni mali. Daftari ndilo tunalolikosa.

Tuanze na mvutano uliotokea hivi karibuni. Katika mpango wa awali wa sekondari pevu, hisabati ilikusudiwa kuwa ya lazima kwa wanafunzi wa mkondo wa sayansi pekee. Wananchi walilalamika, na mnamo Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba somo hilo lingesomwa katika mikondo yote mitatu, ila kwa viwango viwili: hisabati ya kina kwa wale wa sayansi, na hisabati ya kimsingi kwa wengine. Waliopinga uamuzi huo walisema kwamba ni adhabu kumlazimisha mwimbaji kutafuta thamani ya x. Waliouunga mkono walisema kwamba taifa lisilojua hesabu halitajenga viwanda.

Mimi nauunga mkono uamuzi huo, lakini hoja za pande zote mbili naziona kuwa pungufu. Upande mmoja unadhani hisabati ni mtihani. Upande mwingine unadhani hisabati ni viwanda. Hakuna aliyekumbuka kwamba kwa muda mrefu wa historia ya elimu, mtu aliyejifunza muziki alihesabiwa kuwa amejifunza tawi la hisabati.

Wagiriki waliofuata mafundisho ya Pythagoras walitambua kwamba uzi uliokatwa nusu hutoa sauti ile ile ya mwanzo, ila imepanda juu kwa oktava moja. Na kwamba uwiano wa 3 kwa 2 na ule wa 4 kwa 3 huzaa sauti zinazopatana masikioni. Katika ulimwengu wa Kiislamu, mwanafalsafa Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, aliandika kitabu kikubwa cha muziki ambamo sauti zinapimwa kwa uwiano wa namba. Katika vyuo vya Ulaya vya enzi za kati, masomo manne yaliyokwenda pamoja yalikuwa hesabu, jiometria, muziki na elimu ya nyota. Hakuna aliyeona ajabu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwalimu wa Kiswahili anayemfundisha mwanafunzi wake kuhesabu mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao, kisha akamwonyesha kwamba shairi lenye mizani 7 mahali pa 8 limeguguna, anafundisha hesabu bila kuitaja. Sikio la mwanafunzi linasumbuka kabla hajahesabu. Akishahesabu, anajua kwa nini lilisumbuka. Huo ndio uhusiano wa muziki na hisabati: sikio hutangulia, hesabu hufuata na kueleza.

Nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji wake huketi kwenye kigoda kifupi, akafunga njuga mguuni na kuvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu. Mguu hugonga ubao kwa mwendo wake, vidole vya mikono hudonoa nyuzi kwa mwendo mwingine, na sauti ya uimbaji hupita njia ya tatu. Mtu mmoja anaendesha hesabu tatu kwa wakati mmoja, na zote hukutana mahali panapostahili. Katika miaka ya 1960 vijana wa eneo hili waliuhamisha udonoaji huo kwenye gitaa, na hapo benga ikazaliwa.

Gitaa lenyewe ni somo la hisabati lililotundikwa begani. Tazama vile vijiti vya chuma vilivyopangwa kwenye shingo yake: kadiri unavyoshuka kuelekea tumboni, ndivyo vinavyokaribiana. Hawakuvipanga kwa kukisia. Oktava imegawanywa katika hatua 12 zilizo sawa, na kwa hiyo kila hatua inaufanya uzi uwe mfupi kwa kuugawanya kwa namba ile ambayo, ikizidishwa kwa yenyewe mara 12, hutoa 2. Namba hiyo ni 1.0595 kwa kukadiria, na haiwezi kuandikwa kikamilifu kama sehemu. Chukua uzi wa sentimita 65. Kijiti cha kwanza kitakuwa karibu sentimita 3.65 kutoka mwanzo wa uzi. Cha 12 kitakuwa katikati kabisa, sentimita 32.5. Mwalimu wa hisabati anayelalamika kwamba wanafunzi wake hawaelewi vipeo na logi na aazime gitaa la mwalimu wa muziki pamoja na rula, awaache wapime wenyewe.

Sasa nimsikilize mpinzani wangu, kwa maana ana hoja. Atasema: haya uliyoyataja ni hesabu za shule. Kozi ya hisabati ya juu katika chuo kikuu ni jambo jingine kabisa. Humo mna aljebra dhahania, uchanganuzi wa namba halisi na zile changamano, topolojia, nadharia ya namba. Mpiga nyatiti wa Nyakach anahitaji topolojia ya nini?

Kweli, haihitaji. Nami sitaki kuitetea hisabati ya juu kwa kudai kwamba itamfaa kila mtu kesho asubuhi. Huo ni utetezi wa uongo, na wanafunzi huung'amua upesi. Hisabati ya juu yatetewa kwa hoja nyingine: kwamba hakuna anayeweza kutabiri ni ukurasa gani utakaokuwa wa manufaa, na kwa hiyo taifa linalosubiri manufaa yaonekane ndipo lisome, daima litakuwa mnunuzi wa kazi ya wengine.

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alichapisha kitabu kuhusu namna joto linavyosambaa katika vitu vigumu. Humo alionyesha kwamba wimbi lenye umbo la kutatanisha laweza kuelezwa kuwa ni jumla ya mawimbi mepesi. Alikuwa akishughulika na joto. Leo hii, wazo lake ndilo lililo ndani ya kila mashine inayorekodi, kusafisha na kubana sauti. Muuza duka wa Pap Onditi anayefungulia ohangla kwenye simu yake anatumia matunda ya milinganyo ya joto ya miaka mia mbili iliyopita. Vivyo hivyo, Mwingereza G. H. Hardy alijigamba mwaka 1940 kwamba hakuwahi kufanya kazi yoyote yenye manufaa ya kivitendo, naye alikuwa bingwa wa nadharia ya namba. Mwaka 1977 wasomi watatu nchini Marekani walizitumia namba tasa kubuni njia ya kuficha ujumbe, na mbinu za aina hiyo zikawa miongoni mwa nguzo za usalama wa mtandao, pamoja na malipo tunayofanya humo.

Kuna pia manufaa ambayo hayahitaji kungojwa miaka mia mbili. Eneo la ziwa ni eneo la malaria. Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba mbu ndiye anayeeneza ugonjwa huo, hakuishia kwenye hadubini; kufikia mwaka 1911 alikuwa ameandika milinganyo kuonyesha kwamba si lazima kumwua kila mbu ili ugonjwa upungue, bali kuwapunguza hadi chini ya kiwango fulani. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya mwaka 2019, kukadiria itaokoa watoto wangapi na itolewe wapi kwanza ni kazi ya watu walioufuata mkondo huo wa Ross. Na hapa hapa Nyakach kuna korongo la Katuk Odeyo, ambalo maji ya mvua yamelichimba na kulipanua mwaka baada ya mwaka, yakila mashamba na njia. Kasi ya maji, mwinuko wa ardhi, uzito wa udongo: hivyo vyote huandikwa kwa milinganyo ya mabadiliko, ambayo ni sehemu ya kozi ya hisabati ya chuo kikuu. Je, ni mwanafunzi gani wa hisabati aliyepelekwa kulitazama korongo lile ili aone milinganyo yake ikitembea?

Hapo ndipo penye lawama yangu kwa vyuo. Hisabati ya juu haina hatia. Hatia ni kuifundisha pasipo kumwonyesha mwanafunzi mlango hata mmoja wa kutokea, kisha kumwachia njia moja tu, ile ya kurudi darasani kuwa mwalimu atakayeifundisha vivyo hivyo. Ualimu ni kazi tukufu, nami najivunia kuwa mmoja wa waalimu. Lakini mtu auchague, asifukuziwe humo.

Sasa niugeukie muziki, na hasa zile kozi zinazoahidi kumwandaa mwanafunzi kwa biashara ya muziki. Wazo lenyewe si geni. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na chuo cha muziki cha Nairobi, Kenya Conservatoire, kilianzishwa mwaka 1944. Profesa Washington Omondi, ambaye mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa watu watano waliotayarisha Wimbo wa Taifa, baadaye aliongoza tume ya rais iliyochunguza hali ya muziki nchini na kutoa ripoti mwaka 1984. Miaka minne baadaye, 1988, ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 muziki uliondolewa katika mtihani wa darasa la nane, na kwa kawaida ya shule zetu, kisichotahiniwa hakifundishwi. Kipindi cha muziki kikawa cha kurudia hesabu. Tazama kinaya chake: tuliua muziki ili tuipe nafasi hisabati, na hisabati haikupona.

Watu husema: wakongwe wa benga hawakuwa na digrii, na walitikisa nchi. Ni kweli. Masikio yao yalikuwa chuo kikuu. Lakini waulizeni watoto na wajukuu wa wanamuziki wa eneo hili wanapata nini kutokana na nyimbo ambazo bado zinachezwa. Sheria ya Kenya inasema kwamba hakimiliki ya mtunzi huendelea kuishi miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba mtunzi aliyefariki mwaka 2000 ameiachia familia yake shamba ambalo litaendelea kuzaa hadi mwaka 2050. Ni familia ngapi zinazojua kwamba shamba hilo lipo, au zinazo hati yake?

Hebu tuchukue mfano mdogo. Bendi ya watu wanne imealikwa kupiga muziki usiku mmoja mjini Kisumu kwa Sh80,000. Usafiri, vyombo na chakula vimegharimu Sh30,000. Meneja wao anachukua asilimia 20. Asilimia 20 ya nini? Ikiwa ni ya malipo yote, anachukua Sh16,000, na wanabendi wanabaki na Sh34,000, yaani Sh8,500 kila mmoja. Ikiwa ni ya kilichobaki baada ya gharama, anachukua Sh10,000, na kila mwanabendi anapata Sh10,000. Neno moja katika mkataba limemgharimu kila mpigaji Sh1,500 kwa usiku mmoja. Wakipiga mara 40 kwa mwaka, ni Sh60,000 kwa kila mtu. Hiyo si topolojia. Ni hesabu ya Gredi ya 7, na bado kuna watu wazima wenye vipaji vikubwa wanaoipoteza kila wiki kwa sababu hakuna aliyewafunza kuuliza: asilimia ya nini?

Tupande ngazi moja. Mwaka 2022 Sheria ya Hakimiliki ilifanyiwa marekebisho kuhusu nyimbo zinazomtumbuiza mpigaji simu kabla ya kujibiwa. Ilikusudiwa kwamba katika mapato hayo msanii au mwenye haki asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu ipate asilimia 39.5, na mtoaji wa huduma iliyo katikati asilimia 8.5. Jumlisha: ni 100 kamili. Lakini soma tena maneno "msanii au mwenye haki." Kama kijana aliuza haki zake zote kwa mwenye studio ili arekodiwe bure, zile asilimia 52 hazimhusu. Na zikimhusu, lazima zigawanywe kati ya mtunzi, mwimbaji, mpiga gitaa na prodyuza. Kama hawakuandikiana siku ya kurekodi, wataandikiana mahakamani.

Ngazi ya tatu ni ya juu zaidi. Katika huduma nyingi za kusikiliza nyimbo mtandaoni, fedha za mwezi hutiwa katika chungu kimoja, kisha kila wimbo hupata sehemu kulingana na mara ulizosikilizwa ukilinganishwa na nyimbo zote. Kwa hiyo wimbo wako waweza kusikilizwa mara nyingi kuliko mwezi uliotangulia na bado ukapata kidogo, ikiwa nyimbo za wengine zimeongezeka zaidi yako huku chungu kikiwa kile kile. Kuelewa jambo hilo, kulikagua, na kupendekeza njia ya haki zaidi ya kugawa, ni kazi ya mtu aliyesoma takwimu kwa kina. Vyama vya kukusanya mirabaha vimekuwa vikizozana nchini mwetu kwa miaka mingi kuhusu nani alipwe nini. Wanasheria wamejaa katika mizozo hiyo. Wanahisabati wako wapi?

Na muziki wetu husafiri. Wimbo Kothbiro wa marehemu Ayub Ogada, ulioimbwa kwa Kidholuo na nyatiti, ulitumiwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mwaka 2018 Mmarekani Kanye West alitumia katika wimbo wake sehemu ya Kothbiro iliyorekodiwa zamani na kundi la Black Savage. Mjapani Eriko Mukoyama alikuja Siaya, akajifunza nyatiti kwa wazee, na akaipeleka hadi kwao kwa jina la Anyango. Basi asituambie mtu kwamba muziki huu hauna soko. Mgeni amevuka bahari kuufuata. Suala lililobaki ni nani mwenye kalamu wakati wa kugawana.

Nikitazama ramani ya elimu katika eneo hili, nakuta kwamba dawa haiko mbali. Chuo Kikuu cha Maseno, ambacho kilianza kama chuo kishirikishi cha Moi na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001, kinafundisha hisabati, takwimu na hisabati ya bima. Na kinafundisha muziki pia. Elimu zote mbili ziko chini ya mwamvuli mmoja, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Ni Maseno hiyo hiyo ambako mwaka 2011 zilianza kambi za hisabati ambamo wanafunzi wa sekondari hujifunza kwa michezo, mafumbo na kompyuta badala ya viboko. Kwingineko Afrika, taasisi ya hisabati ya AIMS iliyoanzia Afrika Kusini mwaka 2003 imeonyesha kwamba Mwafrika anaweza kusoma hisabati ya juu hapa hapa barani. Na Zanzibar chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimeonyesha kwamba fundi wa taarab asiye na digrii anaweza kuketi darasani kama mwalimu mwenye heshima zake.

Napendekeza mambo manne. La kwanza, chuo chochote chenye idara zote mbili kianzishe masomo ya pamoja: hisabati ya sauti kwa wanahisabati, na hesabu ya mikataba na mirabaha kwa wanamuziki, wakiketi katika chumba kimoja. Mmoja atajifunza kwamba milinganyo yake inalia. Mwingine atajifunza kwamba wimbo wake una hesabu.

La pili, vyuo viwaajiri wapigaji mashuhuri wa nyatiti, orutu na ohangla kuwa wakufunzi, bila kuwadai vyeti ambavyo hakuna chuo kilichowahi kuvitoa. Hapa natoa onyo. Vyuo vya umma vina dhiki ya fedha. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma kwa wiki kadhaa wakidai malipo yao. Katika dhiki kama hiyo kuna kishawishi cha kubuni kozi zenye majina ya kuvutia ili kuwanasa wanafunzi, pasipo vyombo, pasipo studio, pasipo mafundi. Kozi ya biashara ya muziki isiyokuwa na hata kipaza sauti ni ulaghai, hata ikiwa na muhuri wa seneti.

La tatu lahusu sekondari pevu. Serikali ilipendekeza kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Lakini si kila shule inatoa mikondo yote. Mtoto wa kijijini, basi, hachagui kwa kipawa chake. Huchagua kwa kilichopo. Kama shule moja haiwezi kumudu mwalimu wa muziki na vyombo vyake, shule tatu au nne zilizo jirani zaweza kushirikiana. Na ile hisabati ya kimsingi isiwe makombo ya hisabati ya kina. Iwe na mikataba, asilimia, riba, takwimu na mgao wa mapato, ili yule wa sanaa aone kwamba imeandikwa kwa ajili yake.

La nne ni kwa wazazi na wanafunzi. Kabla ya kuijaza fomu ya kuomba nafasi chuoni, msiulize tu jina la kozi lina uzito gani. Ulizeni: ni nani anayefundisha, naye amefanya nini katika fani hiyo? Nitakapomaliza nitakuwa nimetengeneza nini kinachoonekana au kusikika? Nitapelekwa wapi kujifunza kazi? Na humo ndani mna hesabu gani? Kozi ya muziki isiyojibu swali la mwisho ni ya kutiliwa shaka. Kozi ya hisabati isiyojibu lile la pili yastahili kuulizwa tena.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini siku hizi mcheza kwao husikika Tokyo na Chicago, na tuzo yake hupitia mikono mingi kabla ya kumfikia. Kijana wa Nyakach mwenye sikio la muziki na kichwa cha hesabu hana sababu ya kukata kimoja ili kingine kiishi. Waalimu wenzangu, mtoto wa aina hiyo akiwajia ofisini kuomba ushauri, msimwambie achague. Mpeni mkataba wa bendi asome, kisha mwulizeni: asilimia ya nini?